Kabla hujanunua ploti kwa mji wa reli, panga nyumba huko kwanza

Ukipita Mombasa Road kuelekea Mlolongo, ama Thika Road ukienda Ruiru, ama ukitoka na Southern Bypass mpaka Kikuyu, mabango ni yale yale, ni rangi tu zinabadilika: ploti ya futi hamsini kwa mia, hati iko tayari, stima iko mlangoni, dakika tano kutoka stesheni ya treni. Hio ya stesheni ndio nataka tuichambue leo, juu naona watu wengi wa rika langu wenye wako kwa chama za kununua shamba wanaimeza bila kutafuna. Athi River, Ruiru, Kikuyu, Limuru, Thika, reli iliifikia hii miji kabla hakujakuwa na flati ata moja, na sasa inajaa watu wanaofanya kazi Nairobi na kurudi huko usiku kulala. Syokimau nayo ilipata stesheni yake juzi tu, 2012, na toka hapo haijapumua.

Msimamo wangu naweka mezani mapema. Usinunue kwa mji kama huu kabla hujapanga huko mwaka mzima, upitie vumbi ya Januari na mvua ya Machi hadi Mei, na ata baada ya hapo piga hesabu tena. Najua hii inaenda kinyume na kila kitu tulifunzwa nyumbani, ati kodi ni kutupa pesa, ati mtu mzima ni mtu ako na kwake. Mama mzazi akikuuliza umejenga wapi na ukamwambia bado unapanga, ile kimya inafuata unaijua.

Lakini hebu tuanze na huu mji wenyewe. Nairobi haikuchaguliwa na mtu alikuwa anatafuta mahali pazuri pa kuishi. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika hapa tarehe 30 Mei 1899, na mainjinia walisimama hapa kwa sababu ilikuwa sehemu ya mwisho tambarare yenye maji kabla ya kuanza kupanda kwenda Kikuyu na kuteremka Bonde la Ufa. Walihitaji mahali pa kuweka karakana, stoo na vichwa vya treni, wakahamisha makao makuu ya reli kutoka Mombasa. Kinamasi? Hakikuwasumbua sana, treni haiugui malaria. Wakubwa wa reli walijijengea juu kilimani, kule tunaita Upper Hill saa hii, na vibarua wakaachwa chini kwa tambarare karibu na karakana. Soko la Wahindi lilichomwa 1902 sababu ya tauni. Ukiona Nairobi imefurika kila mvua ikinyesha kidogo na watu wanashangaa kwa mitandao, mimi huwa sishangai, maji yanarudi tu mahali yalikuwa yamezoea kukaa.

Kitu kingine watu husahau ni kwamba reli haikuwa inauzia mtu nyumba. Ilikuwa inampa nyumba mradi anafanya kazi. Landhies, Muthurwa, Makongeni, hizi zote zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli, na ukistaafu unarudisha funguo unaenda ushago, manake nyumbani kulikuwa ushago, mjini kulikuwa kazini. Babu zetu waliishi huu mji miaka thelathini bila kumiliki ata mlango. Kwa hivyo hii story ya kununua nyumba kwa mji wa reli ni mpya kabisa kwetu, haijamaliza ata vizazi viwili, na bado tunaifanya kama watu wenye hawajawahi kufanya, tukiongozwa na broka na binamu ya mtu anayejua mtu ardhi house, kule ofisi za wizara ya ardhi.

Sasa, bei. Kwa hii miji bei hupanda wakati wa kutangaza, haingojei kitu kijengwe. Thika Road mpya ilifunguliwa 2012, treni mpya ya Mombasa ikaanza 2017 na stesheni yake kubwa ikakaa Syokimau, ile barabara ya juu kwa juu ya kulipia kutoka Mlolongo ikafunguliwa 2022. Kila moja ya hizi, wenye mashamba walikuwa wameshaiweka kwa bei kabla trekta ya kwanza ishuke. Yule jamaa alinunua Ruiru wakati bado ilikuwa kahawa alifanya vizuri sana, hakuna mtu anabisha, na ndio hadithi yake inasimuliwa kwa kila harusi. Lakini yeye aliuza. Wewe ndio unanunua kutoka kwake, na ile faida anaringa nayo imo ndani ya bei yenye unaitishwa.

Na ahadi zingine hazifiki vile zilichorwa. Angalia Rongai. Reli ya kwenda Naivasha ilizinduliwa Oktoba 2019, ikawekewa stesheni upande wa Tuala na nyingine Ngong, na ploti za huko zikauzwa kwa jina la reli kana kwamba mtu ataamka asubuhi apande treni aende kazi tao. Treni ya abiria ya huko ni ya kuhesabu kwa vidole, na bado inakufikisha Syokimau. Watu wa Rongai wanaendelea na matatu zao na kelele zao kama kawaida.

Treni za kwenda tao zipo, sitaki kuzidharau. Kutoka Syokimau, Ruiru, Kikuyu, Limuru, Embakasi, zinaingia Stesheni ya kati asubuhi na kutoka jioni, na kwa mtu wa ofisi wa saa mbili hadi saa kumi na moja ni mkombozi, unaketi, huna jam ya Mombasa Road, unapita nyuma ya viwanda ukiangalia magari yamesimama. Lakini hio ratiba ni ya mtu mmoja maalum. Nesi wa zamu ya usiku hayumo. Mama wa duka Gikomba anayefika saa kumi alfajiri hayumo. Mwenye saluni anafunga saa tatu usiku hayumo. Fundi anayeitwa Karen leo na Kasarani kesho ndio kabisa. Hao wote wananunua ploti "dakika tano kutoka stesheni" na wanalipia ile bei ya stesheni wenyewe wakipanda matatu.

Halafu hizo dakika tano ni za nani? Za gari, na Jumapili asubuhi. Mimi huwaambia watu shuka treni ya jioni mvua ikinyesha, tembea mpaka hio ploti na viatu vyako vya ofisi, ndio ujue umbali. Wengi huishia kwa boda. Tuseme boda ni mia kwenda na mia kurudi, siku ishirini na mbili za kazi, hio ni 4,400 kwa mwezi ya mtu mmoja, mkiwa wawili kwa nyumba ni karibu 9,000, na haijaandikwa mahali popote kwa lile bango.

Niende kwa udongo sasa, na hapa nitakaa kidogo juu ndio mahali pesa za watu hupotelea bila mtu kuwaibia.

Upande wa Athi River, Syokimau, Mlolongo mpaka Kitengela, ardhi kubwa ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi, black cotton vile mafundi huuita. Huu udongo ukinyonya maji unavimba, ukikauka unajikunja na kupasuka, na nyumba yenye imekalishwa juu yake inainuka na kushuka nao kila msimu. Kuna mjengo mmoja upande wa Athi River fundi alinishusha kwa shimo la msingi nione. Juu kabisa nyasi kavu, halafu weusi tupu, unaumega na kidole unatoka vipande vina kona kali kama umevikata na kisu, na ukutani kwa shimo kulikuwa na mipasuko ya kiangazi mkono unaingia mpaka kiwiko. Tulikuwa tumesimama shimoni, ardhi iko juu ya vichwa vyetu, na chini bado ni nyeusi. "Mkubwa, hapa bado hatujafika," akaniambia, akigonga chini na chuma, "tunatafuta mahali itagonga iseme." Mpaka ufike kwa mwamba ama murram, ule udongo mgumu wa changarawe, unachimba, unabeba ule udongo na lori unaenda kuutupa, unaleta mawe ya haadkoa lori juu ya lori unashindilia, ndio sasa uanze kumwaga simiti. Mwenye hio nyumba alikuwa amenunua ploti ya bei ya chini na akafurahi. Ile bei ya chini ilikuwa imezikwa hapo kwa shimo.

Wenye hawachimbi hivo wapo, wengi. Utawajua baada ya miaka miwili mitatu: mlango wa choo haufungi, kuna ufa unatoka kona ya dirisha unapanda na ngazi ngazi kufuata mawe mpaka kwa dari, wanaziba na pati wanapaka rangi kabla ya kuuza. Kwa hivyo ukienda kuangalia nyumba ya kununua huko, angalia kona za madirisha kwanza, achana na jikoni. Na uende kiangazi kimekolea, si wakati wa mvua ufa ukiwa umejifunga.

Kikuyu na Limuru ni udongo mwekundu, msingi hauli pesa hivo, hewa ni baridi, shule ni za zamani, Alliance ilianza 1926, hospitali ya Wapresbiteri iko hapo na watu wa macho wanatoka mbali kuifuata. Kama ni kuishi tu, mimi ningechagua Kikuyu kabla ya Athi River siku yoyote. Lakini huko shida inahama kutoka kwa udongo inaenda kwa familia. Shamba ni la marehemu mzee, mirathi haijaisha, kijana mmoja ana haraka anauza kipande chake "kwa makubaliano", na wewe unajenga, halafu siku moja dada yake aliyeolewa Nyeri anakuja na wakili, na kusema ukweli yeye ndio ako na haki. Shamba la kilimo kama hilo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na kama ni boma ya mtu na bibi, idhini ya mwenzake pia. Karatasi za broka huwa hazina hizo, zina sahihi ya chifu na muhuri mkubwa wa bluu.

Maji pia. Athi River maji ya kisima mengi yana chumvi, unaoga unabaki umekauka ngozi, chai haishiki, na floraidi inapaka meno ya watoto rangi ya kahawia. Watu wananunua ya kunywa kwa mitungi na ya kuoga kwa bauza. Sua, yaani bomba la majitaka, haijafika mahali pengi, kwa hivyo ni shimo na lori la kunyonya, na kwa flati za watu mia moja hilo lori linakuja mara nyingi kuliko wageni. Haya yote ni pesa ya kila mwezi. Landilodi akiwa ndio anaibeba huioni, ukiwa mwenye nyumba inakuja kwa jina la savisi chaji na mwenyekiti wa mtaa anakukumbusha kwa grupu ya WhatsApp mbele ya majirani.

Na kitu kimoja cha reli yenyewe watu hawaangalii kabisa: tuta. Reli inapita juu ya tuta la udongo, na chini yake kuna mitaro midogo ya kupitisha maji, mingi ilijengwa zamani wakati juu kulikuwa na msitu na nyasi. Sasa juu kuna mabati na kabro, maji yanakuja yote kwa mpigo. Kamuchiri kule Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani baada ya njia yake kuziba na takataka na miti, tuta likashindwa, na makumi ya watu wakafa usingizini. Kwa hivyo ukiambiwa ploti imepakana na reli, uliza uko upande gani wa tuta, wa juu ama wa chini, na mtaro wa karibu uko wapi, na utembee uingie uangalie kama umejaa chupa za plastiki. Hili swali sijawahi kusikia mnunuzi akiliuliza. Anauliza kama kuna supamaketi ya Naivas.

Haya, hati. Ardhi ya reli ina historia ndefu kuliko ya shamba la kawaida. Mkoloni alijitwalia maili moja kila upande wa reli, kabla ata Nairobi iwe mji. Baadaye hio ardhi ikapita kwa shirika la reli la Afrika Mashariki, jumuiya ikavunjika 1977, ikaja kwa Kenya Railways, na kutoka 2006 sehemu kubwa ya nyumba na viwanja visivyohitajika kwa treni vikapewa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli ndio wazee walipwe. Katikati ya safari hio yote watu wenye nguvu walijikatia vipande, na ripoti ya 2004 ya tume ya Ndung'u, ile ilichunguza unyakuzi wa ardhi ya umma, iliweka ardhi za mashirika ya umma kama hizi peupe. Muthurwa mnaikumbuka: 2010 wapangaji, wengine wao wastaafu wa reli wenyewe, waliamshwa na kufukuzwa kwa nyumba walizoishi miaka yote, na ilibidi waende korti ndio zoezi lisimamishwe.

Sasa hapa ndio sheria imebadilika na wanunuzi wengi hawajaamka. Zamani ulikuwa unaweza kusema mimi nilinunua kwa nia safi, nilifanya sachi kwa rejista ya ardhi, hati ikasoma jina la muuzaji, basi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, kwa kesi ya Dina Management na kaunti ya Mombasa, ilisema hati pekee haitoshi: kama mgao wa kwanza kabisa ulikuwa wa ujanja, ardhi ya umma ikapewa mtu bila utaratibu, basi wote walionunua baadaye hawana kitu, ata kama hawakujua. Septemba mwaka huo huo, kwa kesi ya Torino Enterprises kuhusu ardhi ya Embakasi, wakasema tena barua ya mgao si umiliki, ni ofa tu, huwezi kuiuza kama shamba. Ukizisoma hizo mbili pamoja unaona kazi imehamishiwa mnunuzi. Si kazi ya sachi ya leo tu, ni kufuata ile hati nyuma mpaka kwa mtu wa kwanza na kuuliza yeye aliipata aje. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa 2021 na kwa Nairobi unasaidia kuona jina liko kwa rejista saa hii, lakini haukuambii babu wa hio hati alikuwa nani. Hio ni kazi ya wakili anayejua kuchimba faili, na wakili wa elfu ishirini hachimbi.

Na usidanganyike na cheti cha hisa cha sosaiti ya kununua ardhi. Athi River upande wa Mavoko watu walikuwa na vyeti, na risiti, na nyumba za ghorofa zenye vigae, kwa ardhi ambayo korti ilisema ni ya kiwanda cha simiti cha East African Portland. Oktoba 2023 matingatinga yakaja. Kuna picha za watu wamekaa kwa sofa nje, ukuta nyuma umeisha. Watu wakasema serikali ina roho mbaya, na pengine ni kweli, lakini wale waliouza hizo ploti ndio walishalala na pesa zamani, na hakuna aliyewabomolea.

Ukinunua flati nayo, uliza hati yako mwenyewe ya hio flati chini ya sheria ya 2020 ya majengo ya sehemu sehemu, si ahadi ati hati mama ya kiwanja chote iko kwa benki tutawagawia mkimaliza kulipa. Kununua nyumba bado iko kwa karatasi, bila kujua benki inamdai mjenzi kiasi gani, ni kuuziwa mbuzi kwa gunia.

Nije kwa hesabu yenyewe. Tuseme kuna flati ya vyumba viwili Syokimau inauzwa milioni saba, na ile ya pembeni yake, mpango ule ule, inapangishwa 35,000 kwa mwezi. Kupanga kwa mwaka ni 420,000. Kununua: dipositi ya asilimia kumi ni 700,000, ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 kwa hivyo 280,000, wakili na mthamini pembeni. Mkopo unabaki milioni 6.3, na kwa riba ya asilimia 14, riba peke yake mwaka wa kwanza inacheza karibu 880,000. Yaani riba, hata bado hujapunguza deni, ni mara mbili ya kodi. Ndio maana mogeji Kenya nzima zinazunguka hapo karibu na elfu 30 tu, kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 47. Si ati Wakenya ni waoga. Wanajua kuhesabu.

Mtu ataniambia tutatumia sakko, tutajenga polepole, mwaka huu msingi mwaka ujao ukuta. Sawa, na hio ndio njia wengi wamefika, na siwezi kuikejeli, ina nidhamu yake, inamfanya mtu aweke akiba yenye angekula. Kuna pia mambo hesabu haibebi: landilodi hawezi kukuongezea kodi Januari, watoto hawabadilishi shule, ukistaafu una mahali. Nakubali. Lakini zingatia kwamba hizo faida zote zinangoja. Zitakuwa hapo baada ya mwaka mmoja wa kupanga, na wakati huo utakuwa unajua maji yanatoka siku gani, barabara ya ndani inapitika aje Aprili, ile kanisa ya jirani inaanza kesha saa ngapi, kelele ya usiku ni ya nani, na kama mwenyekiti wa mtaa ni mtu ama ni nyoka. Mwaka mmoja wa kodi ya elfu thelathini na tano ni ada ndogo sana ya kujua hayo ukilinganisha na milioni saba. Na kama bei itakuwa imepanda kidogo kwa huo mwaka, wacha ipande. Kwa hii miji kuna flati nyingi zinajengwa kwa wakati mmoja, zingine zina mabango ya kupangisha kutoka ghorofa ya kwanza mpaka ya sita, na hakuna mtu anakimbilia chumba chako.

Kuna jambo la mwisho linanikera. Ardhi nzuri zaidi ya reli haiko Athi River wala Ruiru. Iko hapa katikati, Muthurwa, Landhies, Makongeni, kuzunguka Stesheni ya kati, mahali mtu anatembea kwenda kazi na miguu bila treni, bila boda, bila ile barabara ya kulipia. Huo mpango wa Nairobi Railway City, wa kujenga upya hii ardhi ya reli ya katikati, ekari 425, ulizinduliwa kwa shangwe mwisho wa 2022. Na wakati huo huo kila mwenye pesilipu anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza nyingine kama hio. Tunalipia nyumba zenye hatujui tutapewa, halafu tunakopa tena kwenda kujenga kwa udongo unaovimba kilomita thelathini nje, ili tuamke saa kumi na moja turudi tukapite nje ya karakana za reli kwenda kazini. Reli ilijua kitu kimoja sisi tumesahau: mfanyakazi alazwe karibu na kazi. Walifanya hivyo kwa ubaguzi na kwa vyumba vidogo vya aibu, lakini umbali walipata sawa.

Kwa hivyo mimi nangoja nione kwa hizo ekari 425 chumba mbili zitauzwa ngapi, zitauziwa nani, na hati zitasoma jina la nani. Zikiwa za kina sisi, nitapanga foleni mapema. Zikiwa za wale wale, basi landilodi wangu aendelee kuniona kila tarehe tano.